Kazi kampuni ya teknolojia hapa Unguja, nimepewa karatasi ya kuachana, nisaini au nisisaini?

karafuu_mbichi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nauliza kwa walofanya au wanaofanya kazi kwenye hizi kampuni za teknolojia, za hapa Unguja au za nje ila mtu yuko hapa na laptopu yake, maana nyumbani nikieleza wanaona nalalamika tu, "si unakaa kwenye kiyoyozi wewe unataka nini tena".

Mie nipo kampuni moja siitaji jina, makao makuu yao nje, hapa wana afisi na watu kiasi. Niliingia kwenye kujibu wateja, baadae nikahamishiwa kwenye kujaribu programu kabla haijatoka kwa watu, yani unatafuta makosa unayaandika wenyewe wanayarekebisha. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, ukisha wanakupa mwengine, na kila ukikaribia kwisha hata kupanga chumba unaogopa maana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na wewe hujui miezi miwili mbele utakuwa na nini. Lakini kazi naipenda, na kwa mtu alomaliza chuo kikuu cha SUZA akakaa nyumbani akisubiri ajira za serikali, mshahara ule si wa kuutukana.

Sasa mwaka huu akaja meneja mpya. Tathmini zote za nyuma napata nne kati ya tano, meneja wa zamani tulikuwa nae chumba kimoja anaiona kazi. Huyu yuko nchi nyengine, tunaonana kwenye skrini, na mara hii kanipa mbili. Nikamuuliza nimekosea wapi, akanambia hujakosea kitu ila kila timu lazima awepo wa chini. Nikanyamaza, ningesema nini?

Ijumaa ilopita tukaitwa kikao cha ghafla onlaini, mkubwa wa huko anazungumza kuhusu muundo mpya na changamoto za soko na kadhalika, mie huku namsikiliza kwa sikio moja namalizia kuandika kosa nililoliona asubuhi, kwamba mteja akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa haraka pesa inakatwa mara mbili. Sijafika nusu ukurasa ukanitoa. Nikaingiza neno la siri, halikubali. Nikamgeukia mwenzangu wa pembeni, na yeye anaingiza lake. Mkubwa bado anazungumza na anatushukuru kwa kujituma.

Walopunguzwa wengi ni sisi wa hapa. Wenzetu walotoka nje wenye cheo kile kile na kazi ile ile wapo, na wao wana posho ya nyumba na tiketi za kwenda kwao. Sisemi wafukuzwe wao, wengine ni marafiki zangu hasa, nauliza tu walichaguaje. HR, yule wa mambo ya wafanyakazi, kanipa karatasi ya "kuachana kwa maelewano", mshahara wa mwezi mmoja na likizo zilobaki, na chini pameandikwa sitodai chochote tena kwa kampuni wala washirika wake popote duniani. Nirudishe Jumatatu. Baba anasema saini uchukue chako mwanangu, kaka yangu wa Wete anasema usithubutu. Nyie mnasemaje? Na wale walobaki wana usalama wowote au wanasubiri zamu yao tu?

---

paka_wa_Darajani

Pole sana dada. Ila suali moja tu, kwaiyo hilo kosa la kukata pesa mara mbili halijapelekwa mpaka leo? Nambie ni programu gani niifute kwenye simu 😂

---

Mzee_wa_Nungwi

Mwanangu pole. Mie si mtu wa kompyuta, mie maisha yangu yote hoteli, nimeanza jikoni naosha vyombo mpaka leo nasimamia watu. Haya mnayoyaona nyie ni mapya kwetu sisi ni kila masika, ukiingia mwezi wa nne wageni hakuna, unaitwa unaambiwa nenda nyumbani tutakupigia simu, na wengine hawapigiwi. 2020 ndege zilipokatika kwa ajili ya korona ndo usiseme, watu walirudi shamba na ngalawa wale ambao walikuwa wakivaa tai.

Lakini kuna tofauti moja naiona. Sisi msimu tunaujua, tunauona unakuja, mtu anajiwekea. Na sisi kuna CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, na mazuri yake na mabaya yake, nishagombana nao mara nyingi, lakini likitokea jambo yupo mtu wa kukaa upande wako wa meza. Nyie watu wa laptopu chama chenu kipi? Nna mpwa wangu anafanya kazi kama hizo, nilipomuuliza alicheka, ananambia ami sisi tuna gurupu la WhatsApp.

Kuhusu kusaini mimi sijui sheria. Ila karatasi nzuri haina haraka, kama ni haki yako leo hata Alkhamisi itakuwa haki yako.

---

BosiMdogo

Naomba nizungumze kutoka upande wa pili maana hapa kila mtu atakuja kuwatukana mabosi. Nishakaa kwenye kiti cha kupunguza watu, si Zanzibar, na hakuna alofurahi siku ile.

Elewa dada hizi kampuni nyingi haziendeshwi na faida, zinaendeshwa na pesa ya wawekezaji. Pesa ilipokuwa rahisi Marekani, riba karibu na sifuri, waliajiri kama hawana akili. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya kule ikaanza kupandisha, Julai 2023 riba ilishapita asilimia 5, sasa mwekezaji anajiuliza kwanini nihatarishe pesa yangu kwenye kampuni changa wakati dhamana ya serikali inanilipa nimelala? Meta, wenye Facebook, wakatoa watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, na hao ni matajiri. Ukishasikia "muundo mpya" ujue kuna mtu juu kaambiwa punguza gharama kwa kiasi fulani na tathmini inakuja baadae kuhalalisha tu. Siyo wewe.

Ushauri wangu, saini, omba barua nzuri ya sifa, ondoka kwa heshima. Unguja hii ndogo, wenye kampuni hizi wote wanajuana, ukishajulikana mtu wa kwenda kushtaki nani atakuajiri huko Fumba kwenye kampuni hizi?

---

kodi_na_kahawa

BosiMdogo hapo kwenye riba nakuunga mkono, ila umezitaja Meta na Google ukaishia nusu ya hadithi. Google walipotoa wale 12,000, wafanyakazi wa Marekani walipewa mshahara wa wiki 16 kwa uchache na wiki 2 za juu kwa kila mwaka mtu aliofanya, na notisi ya siku 60 inalipwa. Hata wao walitolewa kihuni, mtu anaamka asubuhi anakuta imeili haifunguki sawa na huyu dada, lakini mkononi kapata kitu. Dada anapewa mwezi mmoja na kuambiwa usidai popote duniani.

Halafu jengine. Novemba hio hio ya 2022 Twitter baada ya Musk kuinunua walikata karibu nusu ya wafanyakazi dunia nzima. Walikuwa na afisi Accra, Ghana, ndo afisi yao ya kwanza Afrika, watu walikuwa wameifungua kwa kuingia ndani wiki ile ile, siku chache wakapewa barua. Wenzao wa Marekani na Ulaya wanazungumzia malipo ya kuachishwa, wale wa Accra hawajapewa hata wanachopaswa, wakatafuta wakili, ikachukua zaidi ya mwaka ndo wakalipwa. Kampuni moja, barua moja, wiki moja. Sasa nambie hapo riba ya benki kuu imehusika vipi?

Mie nafanyia kazi kampuni ya nje nipo zangu Mbweni, naandika kodi za programu, miaka kadhaa sasa, na mshahara wangu na wa mwenzangu alioko Berlin tunaofanya kazi moja najua tofauti yake kwasababu alinambia mwenyewe akaona haya. Wanakwambia ni "kulingana na gharama za maisha". Sawa, lakini laptopu bei ile ile, na intaneti yetu ghali zaidi kuliko yake na umeme ukikatika petroli ya jenereta nanunua mimi. Sijaacha kazi, na sitoacha, nna watoto. Lakini haki siiiti haki kwasababu nimeizoea.

Na hio ya "lazima awepo wa chini" isikuumize roho. Ni mtindo wa zamani wa makampuni ya Marekani, meneja anapewa timu anaambiwa wapange kwenye foleni na wa mwisho wawepo hata kama wote wazuri. Microsoft walikuwa nao mpaka Novemba 2013 wakauacha, maana watu wakawa hawasaidiani, nani amsaidie mwenzake ili yeye ndo awe wa mwisho? Wakubwa washauacha lakini mameneja wa kampuni changa bado wanaona ndo uongozi.

---

BosiMdogo

Sijasema ni haki, nimesema ndivyo ilivyo. Na Accra walikuwa na wakili na magazeti ya dunia yanawaandika, huyu dada atakuwa na nani?

---

mdomo_wa_mahakama

Dada karafuu usisaini bado. Sijasema usisaini kabisa, nimesema bado. Kabla hujafanya lolote nijibu haya kwanza:

Kwenye mkataba wako, pale juu, mwajiri ni nani? Si jina lilo kwenye fulana mnazovaa, jina lilo kwenye mkataba. Na slipu ya mshahara inatoka kwa nani? Na wanakukata ZSSF au NSSF, yani mfuko wa hifadhi ya jamii wa hapa au wa Bara?

Nauliza kwasababu kesi za hizi kampuni nyingi zinapotelea hapo. Mtu anafanya kazi afisi iko Unguja, kiti kiko Unguja, bosi wake anajulikana, akienda kudai anaambiwa sisi si waajiri wako.

Na tafadhali mtu asije hapa akamwambia aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. CMA ni ya Bara. Kazi si jambo la Muungano, Zanzibar tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini namba 1 ya 2005, na Bara wana yao ya 2004. Kila wiki naona mtu wa Unguja anasoma mtandaoni haki za sheria ya Bara anaenda nazo kwa HR anachekwa.

---

karafuu_mbichi

Ahsanteni sana wallahi nimelia kidogo nikasoma tena. Baba yangu kamsifu Mzee wa Nungwi kwa ile ya Alkhamisi.

Nimekwenda kuangalia. Mkataba umeandikwa jina la kampuni nyengine kabisa, anwani ya Dar, ambayo mie siku zote nilidhani ni watu wa kutafuta wafanyakazi tu, walinifanyia intavyuu ya mwanzo sikuwaona tena. Slipu inatoka kwao. Imeili yangu na fulana na kitambulisho na meneja ni ya hii kampuni kubwa. Wanakata ZSSF kwenye slipu. Ile karatasi ya kuachana ndo kioja, imetoka kwa hii kampuni kubwa ambayo kwenye mkataba haimo popote!

Paka, hilo kosa nililiandika kwenye daftari, kama wanalitaka waje walinunue.

---

paka_wa_Darajani

Hahahaa hapo ndo nakuelewa dada yangu. Usiwape bure.

---

mdomo_wa_mahakama

Nilijua. Sasa tuliza moyo usome pole pole.

Kama kampuni kubwa inasema si mwajiri wako, basi haina cha kuachana na wewe, inakuachaje na hukuajiriwa nayo? Na kama inakubali kwamba ndo inakuachisha, basi kwa karatasi yake yenyewe imekiri kuwa ina mamlaka juu ya ajira yako. Hio karatasi usiirudishe, usiikunje, usimpe mtu, piga picha peleka kwa kaka yako Wete akae nayo. Na hayo maneno "washirika wake popote duniani" ndo sababu yenyewe ya karatasi kuwepo, wanajua wako wawili na wanataka saini moja iwatoe wote.

Nairobi haya yameshapita. Walokuwa wanachuja picha na video chafu za Facebook kwa nchi zetu hizi za Afrika waliajiriwa na kampuni inaitwa Sama, si Facebook. 2023 Sama wakaacha kazi hio, watu wakapunguzwa, zaidi ya 180 wakaenda mahakamani wakawashtaki Sama na Meta pamoja. Meta wakasema sisi hatuko Kenya na hawa si wafanyakazi wetu. Mahakama ikakataa kuwatoa, wakakata rufaa, Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo ikasema kesi inaweza kusikilizwa pale pale Kenya. Sikwambii kwamba walishinda pesa, hapo walichoshinda ni mlango kuwa wazi tu. Na ile ni Kenya, hukumu yao haitufungi sisi. Ila hoja ni ile ile, nani alikuwa anakupa kazi, anakupangia saa, anakutathmini na kukufungia kompyuta.

Kwako wewe, umefanya kazi Unguja na unakatwa ZSSF, anza hapa hapa. Nenda Kamisheni ya Kazi na mkataba, mikataba yote ya nyuma si huu wa mwisho tu, maana kupewa mwaka mmoja mmoja mfululizo kwa kazi ile ile isokwisha ni jambo la kulionesha. Kuna kitengo chao cha kusuluhisha migogoro ya kazi, mnakaa wewe na mwajiri na msuluhishi, haihitaji wakili wa bei. Isipomalizika hapo ndo inakwenda Mahakama ya Kazi. Kesi nyingi zinaishia kwenye usuluhishi kwasababu kampuni haitaki kelele, kwaiyo BosiMdogo ule udogo wa Unguja unaoutishia watu unawauma na wao pia.

Suali la kwanini wabaki wa nje lipeleke hapo hapo. Vibali vya kazi vya wageni Zanzibar vinatolewa na hio hio Kamisheni ya Kazi, kwaiyo mwajiri anaponambia mimi kazi hii haipo tena, na huku mgeni mwenye kibali cha kazi ile ile yupo, kuna watu pale wanapenda kuliona hilo faili. Usiende na hasira juu ya wenzako, peleka vyeo na majukumu tu.

Na ZSSF pita uangalie taarifa yako ya michango. Kukatwa kwenye slipu ni jambo moja, kufika ni jambo jengine. Mzee mmoja alikuja kwetu kakatwa miaka, kule hakuna kitu. Ile Michenzani Mall imejengwa na pesa zetu hizo, uhakikishe na tofali lako limo 😄

---

mkunazi_Chake

Nyie mnazungumza mikataba, mie sina hata mmoja. Nipo Pemba, Chake, nafanya zile kazi za kufundisha kompyuta kwa picha. Wanakutumia picha za barabara za miji ya huko, unachora visanduku kuzunguka magari, watu, mbwa, taa za barabarani, ili gari zao ziweze kujiendesha. Mie gari nnayoipanda ni ya Mkoani na konda ananing'inia mlangoni, nakaa nachora mipaka ya gari za San Francisco. Unalipwa kwa kazi, senti senti, siku nyengine kazi zipo mpaka usiku siku nyengine wiki nzima hakuna.

Mwezi ulopita nikaamka, akaunti imesimamishwa, "umekiuka masharti". Sharti gani? Hakuna wa kumuuliza, ukiandika anakujibu roboti na jibu lile lile. Pesa nilokuwa sijaitoa imebaki humo. Nadhani ni kwasababu intaneti ilikatika nikaingia kwa simu ya mdogo wangu, lakini ni kudhani tu hakuna alonambia.

Kwaiyo dada wewe una HR, una uso wa mtu, una karatasi ya kukataa kusaini. Sisemi hivo kukudharau, nakwambia pigana na hicho ulichonacho, maana sisi wengine hatuna pa kushika.

---

kodi_na_kahawa

mkunazi pole sana. Hao ndo wabaya kuliko wote kwasababu hawakubali hata neno mfanyakazi. Piga picha ya kila kitu ulichonacho, salio, ujumbe wa kusimamishwa, kazi ulizokubaliwa, na uandike kila siku usichoke, nishaona mtu kafunguliwa baada ya kuwasumbua sana, alipopata mtu mwenye roho upande wa pili. Si njia, ni bahati, lakini nyengine siijui.

karafuu, suali lako la mwisho hakuna aliyekujibu, kuhusu walobaki. Naona wewe ulishalijibu. Wakati wa punguzo la mwanzo kwetu sisi tulobaki tuliambiwa "hili ndo la mwisho, sasa tuko salama", na kazi za walotoka tukagaiwa bila ya nyongeza, halafu likaja la pili. Tangu hapo mie nna tabia zangu, mkataba wangu upo nyumbani umechapishwa, tathmini zangu kila zikitoka nachukua nakala kabla sijazima kompyuta, na namba za wenzangu ziko kwenye simu yangu mwenyewe si kwenye mfumo wa kampuni, maana siku wakikufungia hujui hata umpigie nani. Siibi siri ya kampuni, nachukua kinachonihusu mimi.

---

BosiMdogo

Haya, hio ya karatasi kutoka kampuni isokuwa kwenye mkataba sikuijua nilipoandika na hapo hata mimi nisingesaini. HR alotoa ile karatasi kawafanyia waajiri wake kitendo. Ila dada ukienda mezani ujue unataka nini, usiende kutaka haki kwa jumla. Taja: notisi kamili, malipo kwa miaka yote si mkataba wa mwisho, barua ya sifa, na ile tathmini ya mbili itolewe kwenye faili. Mtu wa upande wa pili akisikia orodha anaweza kupiga simu kuomba ruhusa, akisikia kilio anasema pole tu.

---

Mzee_wa_Nungwi

Hapo bosi umesema. Na dada wale wenzako mlofungiwa siku moja, wangapi washasaini? Msiende mmoja mmoja. Hata chama hamna lakini mkiingia watu wanne kwenye afisi na madai yenu yamefanana, msuluhishi mwenyewe anavuta kiti. Ukipenda pitieni ZATUC, ile ndo shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi Zanzibar, waulizeni watu kama nyie mnaingia chama gani.

---

karafuu_mbichi

Assalaam alaykum tena. Jumatatu sikusaini. Niliandika imeili kutoka kwenye anwani yangu mwenyewe, nikauliza vitu vitatu: nani mwajiri wangu, vigezo gani vimetumika kuchagua wa kupunguzwa, na kwanini karatasi imetoka kwa kampuni isokuwa kwenye mkataba. Nilikaa nikitetemeka nikidhani watanipigia kunifokea. Jioni HR kajibu mstari mmoja, muda umeongezwa mpaka wiki ijayo "kwa ajili ya mashauriano ya ndani".

Wenzangu wawili walishasaini siku ile ile, mmoja mke wake kajifungua juzi alihitaji pesa, simlaumu. Watatu tumebaki, tumekubaliana kwenda pamoja. Mwenzetu mwengine yumo kwa walobaki kazini, kanitumia ujumbe kwamba kaachiwa kazi zangu zote na zake na hajui aanze wapi, ananiuliza lile kosa la malipo nililiona ukurasa gani.

ZSSF nimepita, michango ipo ila kuna miezi haionekani, wamenambia nilete slipu za miezi hio.

Swali moja tu, huko Kamisheni tunaingia na nini mkononi, na lazima twende na barua au tunafika tu?

---

mdomo_wa_mahakama

Mnafika tu, mtapewa fomu ya malalamiko mjaze pale pale. Kila mtu na kitambulisho chake cha Mzanzibari, mikataba, slipu, ile karatasi ya kuachana, na hio imeili na jibu lake zichapisheni, msiwaoneshe kwenye simu. Kila kitu nakala mbili, asili mbaki nazo nyinyi. Slipu za miezi ilopotea ZSSF pia zitieni humo humo, ni dai jengine hilo na wala halina mjadala.

Msikawie, madai ya kazi yana muda wake wa kufunguliwa, wakati kampuni "inashauriana ndani" siku zenu zinahesabiwa. Nendeni asubuhi, na msichague Ijumaa, ikifika saa tano kila mtu anajitayarisha na sala.

---

paka_wa_Darajani

Na huyo alobaki anayeuliza ukurasa mwambie alipie.

---

karafuu_mbichi

Nishamwambia ukurasa paka, maskini, si yeye alonifungia. Jumanne asubuhi tunakwenda in shaa Allah.